Simu Iliyokwenda Darasani

Sogeeni mbele, wapendwa, viti vipo. Leo nina neno na vijana wetu wa chuo, na ninyi wazazi msicheke, litawafikia.

Kulikuwa na kijana mmoja akisomea udaktari chuo kikuu. Alikuwa mwepesi wa kushika mambo, na mwenyewe alijijua. Akaona kuamka mapema kwenda darasani ni kujitesa bure. Akampa mwenzake wa chumbani simu: "Kaka, iweke pale mbele, imrekodi mwalimu. Nitasikiliza nikiamka."

"Na wewe huji?"

"Nije kufanya nini? Maneno si ni yaleyale?"

Na kweli, alisikiliza. Msidhani alikuwa mvivu. Alikariri kila somo mpaka kikohozi cha mwalimu. Mtihani wa kuandika akaongoza, akavimba kichwa. Kule kwao mama yake akaanza kuitwa Mama Daktari.

Ukaja mtihani wa vitendo, wodini, ambao ukishindwa unarudia mwaka. Kitandani alikuwa amelala mama mjamzito. Mwalimu akasema, "Nionyeshe kichwa cha mtoto kilipo."

Kijana akanyoosha mgongo, akamwaga maneno bila kusita: "Tunaweka mkono hapa, tunabonyeza taratibu, tunasogea mpaka pale. Tukigusa kitu kigumu cha mviringo, ndicho kichwa."

"Hayo ni maneno yangu kabisa," akasema mwalimu. "Haya, weka mkono. Hapa ni wapi?"

Mkono ukabaki hewani. Simu ilisikia "hapa", lakini kidole cha mwalimu haikukiona. Kijana akakiri kwa aibu, "Siku ile sikuwepo darasani, mwalimu." Yule mama akajifunika tumbo kwa kanga, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu. Niitie aliyekuwepo."

Je, sisi tuko wapi? Si tunampa mtoto sadaka aipeleke, nasi tunasikiliza mahubiri tukiwa kitandani? Jirani akifiwa, si tunatuma ujumbe tu? Maneno tunayo: upendo, subira, kusameheana. Tumeyakariri. Lakini siku itafika, mtu atakuwa amelala mbele yako, na utaambiwa, weka mkono. Utauweka wapi, kama hukuwahi kuwepo?

Nami sina shaka nanyi, mnaweza. Vijana, kesho ni Jumatatu, na kipindi cha asubuhi mnakijua. Simu ibaki chumbani. Nendeni ninyi.