Kibali cha Mguu wa Kushoto

Mahfudhi, mkandaji wa nyayo pale Tanga, aliponzwa na mdomo wake. Akiwa ameukumbatia mguu wa kulia wa mteja mgeni, alitamba, "Mwaka wa kumi huu, kaka, leseni naisikia redioni tu!"

Mteja akatoa kitambulisho. Alikuwa Bwana Kihwelo, mkaguzi wa wakandaji.

"Cheti chako cha ukandaji kiko wapi?"

"Nilijifunzia Uchina, mheshimiwa." Kweli Uchina alifika, kununua soksi.

"Kesho nakufungia duka. Kibali cha muda hupewa fundi aliyemridhisha mkaguzi, na mimi hujaniridhisha."

"Utaridhikaje na mguu mmoja? Ukiondoka hivi, wa kushoto utaona wivu."

Kihwelo akacheka. Mahfudhi akamvisha viatu kwa adabu zote, utadhani anamvisha bwana harusi.

Hatua ya tatu mkaguzi akaanza kuchechemea. Ya kumi akashika ukuta.

"Umenifanya nini wewe?"

"Mimi? Wa kushoto sijaukanda hata kidogo. Mwenye kibali angekumalizia, lakini mimi naiogopa sheria."

Kihwelo akatoa kitabu chake, akaandika kibali na kugonga muhuri, kasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Haya, fundi, kanda upesi!"

Mahfudhi akakitia kibali mfukoni, akamvua kiatu cha kushoto, akakipindua. Ikadondoka kokwa ya ukwaju.

"Mguu wako mzima, mheshimiwa. Vaa kiatu, uende zako."