Nani Akae pa Mzee Senzighe?

Sogeeni. Anayetafuna mahindi atafune polepole, mimi sirudii. Na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kila nikisimulia habari hii kuna mmoja anayenyoosha mkono kabla sijafika katikati, na huyo ndiye huwa wa kwanza kubadili mawazo.

Huko milimani Upare alikuwako mama mmoja, Nakijwa, na watu watatu waliobaki naye. Wa kwanza binti yake Namsifu, mwalimu wa michezo katika shule ya msingi. Kipaji chake kilikuwa miili ya watu: mpe mtoto mzito kama gunia, muhula ukiisha anaruka kamba. Wa pili mwanawe Togolai, fundi wa mawe. Akilitazama jiwe mara moja anajua litakubali kulala upande gani. Wa tatu mkwewe Naetwe, mke wa kitinda mimba Elinihaki, ambaye alikwenda machimboni, na mwaka wa saba huo ulikuwa unapita bila yeye wala salamu zake. Naetwe hakuwa na misuli wala nyundo. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Akikusimulia chai, unasikia ukali wa tangawizi na kikombe hakijaletwa.

Shamba lao lilikuwa dogo, ila lilisimama wima. Chini nyumba na migomba, katikati matuta ya tangawizi na magimbi, juu kabisa tuta la mwisho, na kwenye tuta hilo jiwe pana lililobonyea mahali pawili. Pa kushoto alikaa Nakijwa, pa kulia alikaa mumewe, Mzee Senzighe. Kila siku saa kumi na moja, majembe yakishawekwa, walipanda kwenda kukaa. Si kulima, si kuchunga. Kukaa. Majirani waliwacheka: "Watu wazima na akili zao, wanapanda mlima mzima kwenda kukaa, kana kwamba huku chini hakuna viti!" Wao wakapanda hivyo hivyo miaka thelathini na minane. Waliangalia nyika kule chini, magari ya barabara kuu yakitambaa kama sisimizi, wakamenya maparachichi ya mti wao uliokuwa kando ya jiwe, wakabishana mvua itatokea upande gani. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yao, na miguu yao ilikuwa migumu kama mipini.

Mzee akafa. Nakijwa akaendelea kupanda peke yake. Alikaa pake, na pale pa mume hakuweka hata kikapu. Kisha siku moja ya utelezi akaanguka kwenye tuta la magimbi, nyonga ikavunjika. Hospitali wakaunga mfupa, lakini mguu uliorudi nyumbani haukuwa ule ulioondoka. Mwaka mzima alikaa kwenye kiti mlangoni akitazama juu, mpaka asubuhi moja akaomba kiti kigeuzwe kielekee ukuta wa jiko.

"Huko kuna nini cha kutazama, mama?" Togolai akamwuliza.

"Ukuta. Ukuta haunisumbui."

Basi hapo ndipo mdomo wa Naetwe ulipoanza kazi. Yeye alipanda tuta la juu kila jioni kukata majani ya mbuzi. Akishuka, alikaa chini karibu na kile kiti, akaanza. Leo nyika ina vumbi jekundu, mama, kuna ng'ombe wanapita. Leo ukungu umekaa chini ya jiwe, ukinyoosha mguu unaweza kuukanyaga. Leo mparachichi wa baba umezaa mpaka matawi yamechoka, haya, nimekuletea hili. Nakijwa alikula, akalamba kisu, akanyamaza.

Sasa ninyi nawaambia, yeye hakuambiwa: mparachichi ule haukuwepo. Ulikuwa umeng'oka kwa upepo masika ile ile aliyolazwa hospitali, na Togolai mwenyewe ndiye aliyeukata vipande. Maparachichi yale Naetwe aliyapata kwa jirani, kwa kumpalilia tangawizi yake. Kila wiki tuta moja, kila wiki maparachichi matatu.

Jioni moja akasema, "Mama, siku hizi kuna ndege anatua pale pa baba. Mdogo, shingo ya manjano. Simjui jina."

"Anatikisa mkia?"

"Sikuangalia. Mbuzi alikuwa analia."

"Macho umepewa ya nini wewe? Ya kufumbia?"

Lakini kesho yake, jua lilipotoka, kiti kilikuwa kimegeuzwa. Alikigeuza mwenyewe kwa kukikokota, na ukuta wa jiko haukumwona tena.

Jumapili hiyo aliwaita wote watatu. "Nataka kufika kwenye jiwe," akasema. "Atakayenifikisha atakaa pale pa baba yenu, na tuta la juu litakuwa lake."

Togolai akacheka kwa furaha. "Tuta hilo nimelipata leo! Panda mgongoni, mama, twende."

"Mimi gunia la viazi? Siku ya harusi yangu sikubebwa, nitabebwa leo? Nataka kufika kwa miguu yangu. Mkinifikisha kwa yenu, mmefika ninyi."

Basi Namsifu akaanza na miguu. Kila siku kabla ya kwenda shule, na kila siku akirudi, alikuja na filimbi shingoni. Alijaza mchanga kwenye soksi kuukuu, akamfungia mama yake kwenye vifundo vya miguu.

"Inua! Moja. Mbili. Mama, usinidanganye, hiyo si tatu, hiyo bado ni mbili."

"Mtoto niliyemnyonyesha leo ananipulizia filimbi!"

"Ulininyonyesha vizuri, ndiyo maana nina pumzi. Inua!"

Alimshikisha kinu, akamwambia chuchumaa, simama, chuchumaa, simama. Alimtembeza mpaka mgomba wa kwanza, wiki nyingine mpaka wa pili. Siku ambazo mama alilia, Namsifu alisubiri amalize, akampa maji, akaanza kuhesabu upya kutoka moja. Watu walisema ana roho mbaya. Miezi minane alikataa kuhamia shule ya mjini aliyokuwa ameiomba mwenyewe. Yule mwanamke hakuwa na mume wala nyumba, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya darasa la tano, na amri zake nyingine zilikuwa kilio tu kilichovaa filimbi.

Togolai naye akaanza na njia. Njia ya zamani ilipanda moja kwa moja, njia ya mbuzi na ya watu wenye magoti. Alichukua uzi, akampima mama yake anainua mguu kiasi gani toka chini. Ilikuwa kimo cha kiganja. Akajenga ngazi za kimo hicho hicho, moja baada ya nyingine, mia mbili na kumi na nne, zikizunguka matuta badala ya kuyapanda, na kila baada ya kumi na mbili akaweka jiwe la kupumzikia. Upande wa bondeni akasimamisha nguzo na kulaza mti laini wa kushika, bila kusema ameutoa wapi. Kiangazi chote aliishia hapo. Nyumba yake mwenyewe haikuezekwa, masika ikamkuta na maturubai, na mkewe alimwambia maneno ambayo mbele ya watoto hawa siyasemi. Huyu naye alikuwa na lake. Alipokuwa mdogo, kila alipojaribu kupanda pale pa baba, baba alimshusha: "Wewe bado, kaa chini." Alishushwa mpaka akaota ndevu, na baba akafa hajamwambia sasa panda.

Na Naetwe? Naetwe hakuacha kusimulia. Mama alipotupa soksi za mchanga uani akasema basi, imetosha, ni Naetwe aliyemwambia, "Yule ndege leo alikuja na mwenzake." Soksi zikaokotwa.

Wakapanda siku ya Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa, ukungu ulipoinuka. Nakijwa alitangulia, mkono mmoja kwenye mti wa kushika, watoto wake nyuma. Alipita tangawizi akainusa. Alipita magimbi akalitemea mate lile tuta lililomwangusha. Kwenye kila jiwe la kupumzikia alisema, "Sijachoka, natazama tu," na akatazama kweli, maana miaka miwili hajaona shamba lake kutoka juu. Walianza saa tatu, wakafika saa saba.

Jiwe lilikuwepo. Nyika ilikuwepo. Kando ya jiwe kulikuwa na shimo lililoota majani.

Togolai akamnyooshea Naetwe kidole. "Ni huyu shemeji, mama. Ndiye aliyekudanganya. Mti ulianguka zamani."

Naetwe akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini?" Nakijwa alikuwa bado anahema. "Parachichi la mume wangu lilikuwa na nyuzi kama katani. Miaka thelathini na minane nilikula huku nachokonoa meno. Hayo uliyoniletea yanateleza kama samli. Siku ya kwanza tu, nilipolamba kisu, nilijua mti haupo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeacha kusimulia." Akamgeukia Togolai. "Na wewe unayemshitaki mwenzako, mti huu niliokuja nimeushika ni mti gani?"

Togolai akatazama viatu vyake. "Ni huo huo, mama. Wa baba."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi sikuulizwa," Namsifu akasema.

Nakijwa akapanda kwenye jiwe mwenyewe, akakaa pake, pa kushoto. Pa kulia pakabaki wazi. Hapo sasa kila mmoja akasema lake.

"Mama," Namsifu akaanza, "njia nzuri zimejaa dunia nzima na viwete wanazitazama tu. Hamu ulikuwa nayo, na bado ulikuwa kwenye kiti. Aliyekupandisha ni mguu wako, na mguu huo nimeuhesabu mimi, mara mbili kwa siku. Ukishuka leo, mimi narudi chumbani kwangu nyuma ya darasa. Nina pengine pa kukaa?"

"Miguu hiyo hiyo," Togolai akasema, "ungeiweka kwenye njia ya mbuzi, ungeanguka kabla ya magimbi. Mimi nimekujengea mlima mwingine, wa kimo chako. Na tangu nikiwa mtoto naambiwa bado. Mama, bado tu?"

Naetwe alikuwa amesimama chini ya jiwe, mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Maana kwao mke wa mtoto haketi alipoketi baba mkwe, hata kama baba mkwe yumo kaburini. Hata kigoda cha mzee kule nyumbani alikizunguka, hakukigusa.

"Na wewe?" Nakijwa akamwuliza.

"Mimi siwezi kukaa hapo, mama. Ni pa mkwe wangu."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimekuuliza kama unataka."

Naetwe akatazama kule nyikani, kwenye barabara kuu aliyoondokea mumewe, ambako kwa miaka saba alikuwa akitazama kila jioni, hata majani ya mbuzi yakiwa tayari yameshakatwa. Mnadhani alipanda kila siku kwa ajili ya mbuzi?

"Nataka," akasema.

"Wifi, wewe ulianza kabla mama hajatoa ahadi," Namsifu akamkata. "Hukufanya kwa ajili ya kiti hiki cha baba."

"Ndiyo, wifi. Sikufanya kwa ajili ya kiti."

Hata Namsifu hakujua kama hapo amemshinda au amemsaidia.

Nakijwa akaweka kiganja pale pa kulia. Jiwe lilikuwa na joto, kama mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Lilikuwa joto la jua, msianze. Yeye pia alijua ni la jua. Lakini aliuacha mkono pale kwa muda mrefu. Kisha akauondoa, akapangusa vumbi, akawatazama wote watatu, na akafungua mdomo kutaja jina.

Hapo ndipo mimi nafunga wangu.

Msiniambie wakae kwa zamu. Jiwe si foleni ya kisima. Wala msiniambie paachwe wazi kwa heshima ya marehemu, mama wa watu amekaa kando ya uwazi huo miaka mingi, na hakupanda ngazi mia mbili na kumi na nne kwenda kukaa nao tena. Mmoja alimpa miguu, mmoja alimpa njia, mmoja alimpa hamu. Mmoja hana nyumba, mmoja hajawahi kuambiwa panda, mmoja mila inamwambia asithubutu. Jua linashuka, na jina liko mdomoni.

Haya, wewe mwenye mahindi, uliyenyoosha mkono tangu mwanzo. Lingekuwa mdomoni mwako, ungemwita nani?