Swali Dogo la Mama Kijino

Nikirusha, mnadaka?

— Tunadaka!

Nikidondosha, mnaokota?

— Tunaokota!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana ngano ya leo ina kikao ndani yake, na kikao hicho kina maneno mengi.

Hapo kale, mbali huko kaskazini, katika nchi iitwayo Kanada, ambako baridi ikija ziwa huganda mpaka ukalivuka kwa miguu, wanyama wa msitu mmoja walikuwa na ghala moja. Kiangazi chote kila mnyama alileta alichopata: asali, samaki wakavu, njugu, kuni, magome ya miti ya dawa. Majani yakianza kudondoka, baraza lilikaa kugawa ghala mafungu matatu. Fungu la dawa, ili mgonjwa yeyote atibiwe bila kuulizwa yeye ameleta nini. Fungu la moto, yaani kuni na magogo ya bwawa, ili mashimo yasigande. Na fungu la ulinzi, ili wavamizi wasiingie.

Sheria za baraza lile, wenzangu, zilikuwa za waungwana mno. Kila neno lisemwe kwa lugha mbili, ya wanyama wa msituni na ya wanyama wa mtoni. Mwenye swali asikatizwe, maadamu ameanza na samahani. Na uamuzi haupiti mpaka wote wakubali: mmoja akisema "sikubali," mnaanza upya. Asiyesema kitu, huyo amekubali. Mimi ningekaa huko siku moja tu, ningeng'oa nywele zangu zote.

Sasa mwaka huo moto uliunguza nusu ya msitu. Ghala likajaa nusu. Na moshi ule ukaingia kifuani mwa Kijino, binti pekee wa Kindi. Kindi mnamjua? Mnyama mdogo, mkia mkubwa, macho hayatulii. Majirani walimwita Mama Kijino.

Kijino alikohoa. Koho! Koho! Asubuhi koho, mchana koho. Nungunungu, aliyekuwa mganga wa msitu, akaja na miiba yake chakarachakara, akatega sikio kifuani mwa mtoto, akamvuta mama pembeni.

"Asali na magome, mara tatu kwa siku, na shimo lenye joto," akasema. "Bila hivyo, Mama Kijino, sikufichi, theluji ikiyeyuka huyu hatakuwepo."

"Basi nipe asali!"

"Iko ghalani. Na ghala halifunguliwi mpaka baraza liamue."

Mama Kijino mbio barazani. Akafika, akakuta nini? Akamkuta Dubu amekaa mlangoni pa ghala, mkubwa, mzito, mgongo wake umeziba mlango wote.

"Ulinzi kwanza!" akanguruma Dubu, akapiga ardhi kwa kiganja. Pu! "Nimeona nyayo za mbwa mwitu ng'ambo ya mto. Mwaka huu ghala lote liwe la ulinzi. Na ulinzi ni nani? Ni mimi. Na mimi ulinzi wangu nauweka wapi? Tumboni!"

Bata Bukini ndiye aliyekuwa mwenyekiti na ndiye mkalimani. Akanyoosha shingo, akarudia yote kwa lugha ya mtoni, kwaa kwaa kwaa, hata lile la tumboni.

"Sikubali," akasema Fundi Biva, mnyama wa mtoni, mjenzi wa mabwawa, yule mwenye meno kama patasi. "Moto ndio kila kitu. Bila kuni na bwawa, mgonjwa utamtibu akiwa barafu?"

"Sikubali," akasema Mganga Nungunungu. "Wewe Fundi bwawa lako linakula kila mwaka, halishibi."

"Nami sikubali," akasema Mama Kijino, lakini kwa sauti ndogo, maana jicho la Dubu lilikuwa juu yake.

"Vizuri," akasema Dubu. "Nami sikubali kutokubali kwenu. Tuone nani atachoka." Pu!

Bata Bukini akawatahadharisha. "Jamani, siku nne tu. Siku ya nne jamaa zangu wanapita kwenda kusini, nami naondoka nao. Nikiondoka, baraza limefungwa mpaka maua yachanue, na mlango huu haufunguki."

Mama Kijino akakumbuka maneno ya Mganga. Mpaka maua yachanue! Hapo hapo akamwona Dubu akipiga mwayo. Aaauuu! Akafunga mdomo upesi, akatazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Ahaa, akawaza Mama Kijino. Theluji inakaribia. Na theluji ikikaribia, Dubu anafanya nini?

— Analala!

Analala! Kumbe nyie mna akili kuliko baraza zima.

Lakini tazameni mtego aliokuwa nao huyu mama. Akiharakisha, Dubu yu macho, anapinga. Akichelewesha, mtoto anakosa dawa kila siku inayopita. Akachagua kuchelewesha, na uchaguzi huo ulimuuma.

Akapanda juu ya kisiki. "Samahani, mwenyekiti. Nina swali dogo tu. Fundi Biva, bwawa linahitaji magogo mangapi?"

Loo! Uso wa Fundi ukang'aa. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kwa kutaka kujua. "Magogo? Mama Kijino, kuna magogo na magogo!" Akaanza. Gogo la kwanza, gogo la pili, gogo la chini, gogo la juu, tope la kuzibia, na mwaka ule mafuriko yalivyomdhulumu. Akaongea mpaka jua likafika utosini. Kisha Bata Bukini akayarudia yote kwa lugha ya mtoni, gogo kwa gogo, mpaka jua likazama.

"Ulinzi kwanza," akasema Dubu. Pu. "Aaauuu."

Mama Kijino akarudi nyumbani. Koho! Koho! Akamkumbatia mwanawe, akamfunika kwa mkia.

Siku ya pili, kisikini tena. "Samahani, mwenyekiti, swali dogo tu. Mganga, wagonjwa wako wanangoja muda gani?"

Nungunungu akasimamisha miiba. "Foleni? Umeniuliza habari ya foleni?" Akaanza. Foleni inazunguka shimo lake mara tatu. Paa alikuja na mguu uliovunjika, zamu yake ikafika mguu umeshaunga, tena umeunga upande! Panya alikuja na jino bovu, zamu haijafika jino limejing'oa, akaamua kungoja tu, amsalimie mganga. Mganga ni mmoja, mikono ni miwili, na watu wanamlaumu. Nungunungu akasema mpaka akatokwa machozi, na Bata Bukini akayarudia kwa lugha ya mtoni, na machozi pia akayatoa.

"Ulinzi... aaauuu... kwanza," akasema Dubu. Kiganja kikaanguka chenyewe. Pu.

Siku ya tatu hapakuhitajika swali. Fundi na Mganga walishikana wao kwa wao. "Wewe na bwawa lako!" "Wewe na foleni yako!" Kutwa nzima, kwa lugha mbili. Dubu akawa anajifinya asilale.

Jioni ile kikohozi cha Kijino kilikuwa hakina nguvu tena. Koho. Kimya. Koho. Kimya kirefu.

"Mama," mtoto akanong'ona, "siku zote hizi mnaongea nini huko?"

"Tunaongea habari yako, mwanangu."

"Na bado hamjamaliza?"

Mama Kijino alimfunika, akatoka nje, akalia.

Siku ya nne theluji ikaanza. Kidogokidogo, kama unga unaochekechwa. Na juu mawinguni, kwaa! kwaa! jamaa za Bata Bukini hao, wamejipanga mstari. Bata Bukini akakunjua mbawa.

"Muda umekwisha. Kuna hoja?"

Fundi hana. Sauti imekauka. Mganga hana. Dubu kakaa, macho mekundu, lakini yu macho.

"Samahani, mwenyekiti," akasema Mama Kijino. "Swali dogo tu. Nakuuliza wewe mwenyewe, Mzee Dubu. Siku tatu tumesikiliza magogo na foleni, lakini hakuna aliyekuuliza wewe. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu!"

"Basi tueleze hicho usichokiogopa."

Theluji ikamtua Dubu puani. Kisha akaanza, na sauti haikuwa ile ya kunguruma.

"Nilipokuwa mdogo, mwaka mmoja, samaki hawakupanda mto. Tukaingia pangoni na matumbo matupu, mimi na mama. Tukalala. Maua yalipochanua mimi niliamka. Yeye hakuamka."

Hata Bata Bukini alisahau kutafsiri.

"Nyie mnakaa macho," akasema Dubu. "Mkiwa na njaa mnajua. Mimi nafumba macho bila kujua kama nitayafumbua. Ndiyo maana nataka yote."

Mama Kijino alimhurumia. Nawaambieni kweli, alimhurumia, maana naye alikuwa na mtoto ambaye hajui kama ataamka. Akashuka kisikini, akaenda mpaka kwenye kiganja kile kikubwa, akakaa juu yake.

"Swali la mwisho, mzee wangu. Mama yako alikuwa akikulazaje?"

Jamani! Nani amewahi kumuuliza Dubu swali kama hilo?

"Alikuwa..." akasema Dubu, "alikuwa ananizungushia mikono. Hivi. Pua yangu anaiweka hapa shingoni. Halafu anapumua. Polepole. Ananiambia nihesabu pumzi zake. Moja... alikuwa na manyoya ya joto... mbili... mimi sikuwahi kufika... tatu..."

Khrrr! Fyuuu. Khrrr! Fyuuu.

Bata Bukini akanyoosha shingo. "Hoja ni mafungu matatu kama kawaida. Anayepinga aseme."

Khrrr! Fyuuu.

Akarudia kwa lugha ya mtoni. "Anayepinga aseme."

Khrrr! Fyuuu.

"Hakuna aliyepinga! Imepita!" Na yeye huyo, paa! angani, kwaa kwaa, amewafuata wenzake.

Wakamsukuma Dubu kidogo, wakafungua mlango. Mama Kijino alibeba asali na magome akakimbia bila kuaga. Mara tatu kwa siku, mara tatu kwa siku. Fundi akaleta kuni, akaacha kuuliza ni za nani. Siku ya saba kikohozi kikawa kikubwa tena, na Mganga akafurahi, akasema kikohozi kikubwa ni cha mtu mwenye nguvu. Siku ya kumi na tano hakikuwepo.

Wanyama wengine wakasema, "Fungu la ulinzi tugawane. Mlinzi mwenyewe si huyo anakoroma?"

Mama Kijino akapanda kisiki. "Sikubali," akasema, na safari hii kila mtu alimsikia. Wakalirundika fungu lote ubavuni mwa Dubu, asali na samaki, wakamfunika kwa majani makavu, baridi yote ikapita.

Maua yakachanua. Dubu akafumbua jicho moja, akafumbua la pili. Amekonda, ngozi inaning'inia. Kitu cha kwanza alichokiona ni samaki puani pake. Akala, akala, akala. Kisha akakumbuka kikao, akanguruma, "Tuliishia wapi? Nani alishinda?"

"Hakuna aliyeshinda, mzee," akasema Mama Kijino. "Tulikubaliana wote."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye hukupinga hata kidogo."

Dubu akakuna kichwa. Akahisi kitu kinamtembea mgongoni, chepesi, kinapanda, kinashuka, kinacheka.

"Na huyu ni nani?"

Mama Kijino akamwangalia binti yake, akamwangalia Dubu.

"Huyo ndiye uliyemlinda."

Dubu alikaa muda mrefu asithubutu kutikisika, mtoto asianguke.

Ngano yangu naitua hapa. Utamu wake ubaki kwenu, uchungu naondoka nao mimi.

Mnataka fundisho? Haya, fundisho ni hili: vikao virefu havijawahi kumsaidia mtu, na mkimwona mtu anasinzia barazani, mwamsheni haraka. Mkishamwamsha mniite, nina swali dogo la kumuuliza.