Milango Miwili ya Ujumbe wa Namcheja

Anayetaka kubisha na abishe sasa, maana nikishaanza sipokei maswali. Nawaona mlivyonikalia, hasa wewe uliyekunja mikono kama mkaguzi wa shule. Mnajiambia, huyu aliyeishia darasa la sita, ambaye mwalimu wake wa hesabu alimsindikiza mpaka barabarani kwa furaha, leo anataka kutufundisha mambo ya intaneti. Ndiyo, nataka. Na nikimaliza, mwenye diploma na asiye nayo mtakuna vichwa kwa pamoja. Kama huamini, kaa usiamini, lakini kaa.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura na fisi, ni ya juzi tu mahindi yalipokuwa yanatoa ndevu, palikuwa na kilima kule Upareni kinaitwa Kwanyange. Juu ya kilima palikuwa na karakana ya useremala ya viziwi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Elinaja, kiziwi tangu utotoni, mtu ambaye ananusa ubao na kukuambia mti ulikatwa masika au kiangazi.

Viziwi hawapigiani simu, wanaandikiana. Na bando la kuandikiana kutwa nzima linamaliza mtu. Kwa hiyo Mzee Elinaja aliweka seva pale karakana, mashine ya kupokea ujumbe na kuupeleka kwa mwenyewe, na antena juu ya paa, na kilima kizima kikawa kinaandikiana bure. Mashine ilikuwa na taa ya kijani. Kila ujumbe ukipita, taa inakonyeza. Mzee aligeuza benchi lake la kupigia randa ili aione. Wengine husikia kijiji kikiongea, yeye alikuwa anakiona.

Hapo karakana alikuwepo Namcheja, naye kiziwi, binti wa kupiga msasa mpaka meza ikawa kama maji. Mzee alimlea kama mwanawe. Mume wake aliitwa Kirumbi, huyo anasikia, fundi wa kufunga madishi ya televisheni. Kijana mzuri wa sura, hodari, akili nyingi, sijui niseme nini zaidi. Ila mdomo. Kirumbi alikuwa anajua kitu kabla hujamaliza kukiuliza.

Mimba yao ya kwanza iliharibika. Siku hiyo Kirumbi yuko kwenye paa la watu, Namcheja yuko nyumbani peke yake anaandika na kuandika, na mashine ya karakana imezima kwa sababu umeme umekatika. Ujumbe haukumfikia mtu. Tangu hapo Namcheja aliacha kupiga msasa kwa miezi, akawa anakaa na mikono mapajani. Mikono ya kiziwi ikikaa mapajani, ujue nyumba imenyamaza kweli.

Basi mimba ya pili ilipoingia, Mzee Elinaja aliwaita watu, akasimama, akazungumza kwa mikono yake mikubwa yenye makovu ya patasi. Alisema ujumbe wa kilima uwe na milango miwili. Mmoja hapa karakana, wa pili kule zahanati kwenye umeme wa jua, anakokaa Nesi Nambike. Wengine walimwambia mashine yake inatosha, mbona anajipunguzia ukubwa. Akawajibu kuwa ukubwa wake ameshauona unavyofanya kazi. Akatengeneza kabati la mvule la mashine ya pili, akalibeba mwenyewe begani mpaka zahanati.

Sasa hapa ndipo wasomi husinzia, kwa hiyo fungueni macho. Ujumbe hauna macho. Ukitoka kwenye simu unauliza kwanza, watu wa Kwanyange wanapokelea wapi ujumbe wao? Unauliza DNS, kule intaneti inakoulizia nani anakaa wapi. Na huko lazima mtu awe ameandika rekodi za huduma, kwamba nyumba yetu ya ujumbe ni mashine fulani, gonga mlango namba fulani, na usipofunguliwa nenda mashine ile nyingine. Kama hukuandika, hata mashine yako iwe ya dhahabu hakuna wa kuigonga.

Kazi hiyo alipewa Sifaeli, binti wa dada yake Mzee, aliyesomea mambo haya mjini na sasa anayafundisha huko. Akapanda mlima, akakaa karakana, akaandika. Rekodi ya mlango wa mjomba, rekodi ya mlango wa nesi. Kila rekodi ina mahali pa kuweka namba ya kipaumbele. Sasa nyie mnajua tulivyo. Kwetu ukipakua chakula, mkubwa anapata kikubwa. Sifaeli angempaje mjomba wake kumi na zahanati hamsini? Mikono yenyewe ingekataa. Akampa mjomba hamsini, nesi akampa kumi, akashuka zake mjini roho imetulia.

Na kilima kikaendelea kuandikiana, na kila kitu kikafika, ila taa ya Mzee Elinaja ikanyamaza.

Siku ya kwanza akadhani watu wako shambani. Siku zilizofuata akaipangusa vumbi, akaigonga kwa kidole. Mwisho akamshika Kirumbi begani, akamuuliza kwa ishara, uso umemshuka, kama watu wamemchoka. Kirumbi akampigia simu Sifaeli, akamweleza habari ya taa.

"Shemeji," akasema, "nimemkosea mjomba. Kwenye zile rekodi, namba ndogo ndiyo inayogongwa kwanza. Mimi nimemweka nyuma."

Alikuwa mbele ya wanafunzi, hawezi kupanda mlima, na rekodi zile hufunguliwa kwenye mashine ya karakana tu. Akamtumia Kirumbi neno la siri, akamwomba abadilishane zile namba mbili, kumi iende kwa mjomba, hamsini iende kwa nesi, basi. Kirumbi akamwambia hiyo ni kazi ya kufumba jicho, yeye amefunga madishi ya wakubwa. Asubuhi hiyohiyo akaingia karakana, akaketi kwenye mashine, akabonyeza akabonyeza. Akatoka, akamwinulia Mzee dole gumba. Mzee akamkumbatia mpaka misumari ya mfukoni ikamchoma. Kisha Kirumbi akachukua ngazi yake akavuka bonde kwenda kufunga dishi kwa watu.

Mchana mvua ikashuka. Si mvua ya kuinamia, ni ile inayokuondolea njia ukiwa juu yake. Radi ikapiga mlingoti wa karakana, antena ikaungua, moshi ukatoka.

Namcheja alikuwa nyumbani, nyumba iliyo kwenye bega la mlima, inayotazama karakana upande huu na zahanati upande ule. Siku zake zilikuwa hazijatimia. Akasimama kuweka chungu jikoni, maji yakatoka. Akashika simu, akaandika kwa Nesi Nambike:

"Nesi, maji yametoka. Niko peke yangu kama ile siku. Njoo."

Ukafika.

Sasa huyu Nesi Nambike niwaambie. Zahanati nzima inajua kuwa anaogopa radi. Mtu mzima, ana wajukuu, ikinguruma anaingia chini ya kitanda cha wagonjwa na mgonjwa anabaki juu anamwonea huruma. Siku hiyo alikuwa huko huko chini ya kitanda. Simu ikalia, akausoma ujumbe akiwa amejikunja. Akatoka. Akavaa mabuti ya mlinzi, akafunga mkoba wake kwenye nailoni, akashuka kwenye migomba akiteleza kwa makalio, akavuka kijito kimejaa, na kila radi ikipiga alikuwa anapiga kelele yeye mwenyewe ili asiisikie. Alimkuta Namcheja sakafuni, na mtoto anakuja na kitovu kimemzunguka shingo. Akakifungua.

Kirumbi alifika jioni amelowa kama mbwa. Alikuta taa inawaka na mke wake amelala na kitoto cha kike kifuani. Akataka kusema kitu, mnajua mdomo wake. Namcheja akamkatiza kwa kidole. Akauchukua mkono wa mume wake wenye matope, akauweka juu ya mgongo wa mtoto, akauacha hapo. Mgongo ulikuwa unatetemeka.

"Analia," Namcheja akasema kwa ishara. "Nimemsikia kwa kiganja. Analia sauti gani?"

Kirumbi akamtazama mtoto. Akainua mikono, akaishusha, akaiinua tena. Mwisho akaonyesha, kubwa.

"Kama yako?" Namcheja akauliza, na akacheka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile mimba nyingine.

Basi. Kwanyange mtoto hapewi jina hewani. Anapewa jina la mtu mmoja aliye hai, liwe la mwanamume au la mwanamke hawajali, na mtu huyo ndiye somo wake. Somo hukata nywele za kwanza za mtoto, somo humsimamia mpaka uzee. Mtu mmoja tu, maana wakiwa wengi kila mmoja humwachia mwenzake. Namcheja akasema somo awe yule aliyemleta mtoto akiwa hai. Na kuchagua ni kazi ya baba.

Wakakaa uani, Kirumbi akawa mkalimani kati ya mikono na midomo.

Mzee Elinaja akasema, "Mlango wangu uliungua. Ujumbe wa mwanangu ulinigonga, haukufunguliwa, ukaenda wa pili. Nani aliuomba mlango wa pili? Nani alilibeba kabati? Bila mimi, ingekuwa kama ile siku. Mtoto ni somo wangu."

Aliposema hivyo macho yalikuwa yamemjaa. Hakuwahi kuoa mzee huyu, hakuwahi kuzaa, wala hakuna mtu duniani anayebeba jina lake.

Nesi Nambike akasema, "Milango ni mizuri, baba, lakini ujumbe haufungui kitovu. Mimi nilitoka chini ya kitanda. Mnacheka, chekeni, mimi najua nilichokiacha pale chini. Bila mimi, ujumbe ungefika na mtoto angekufa. Mtoto ni somo wangu."

Na Sifaeli, aliyepanda kutoka mjini kuja kuiunganisha tena mashine ya mjomba wake, alikuwa amekaa pembeni anachora udongo kwa kijiti. Walipomgeukia akamtazama Kirumbi, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi niliandika tu. Na niliandika vibaya. Mpeni mjomba."

Haya. Nani? Tayari yupo anayesema mzee. Na huyu mama anasema nesi, nimeona midomo yako. Sifaeli hakuna anayemsemea, si ndiyo? Mmeshaamua kuwa hana lake.

Ngojeni kwanza. Kuna kipande nimekiruka.

Huyo Kirumbi ni mimi. Msishangae, nani mwingine angemsifu hivyo. Na asubuhi ile, pale kwenye mashine ya mzee, sikubadilisha kitu. Nilifungua ule ukurasa nikakuta msitu wa Kiingereza, namba juu ya namba, na chini kitufe chekundu. Nikaogopa kuvunja ujumbe wa kilima kizima. Na niliona haya kumpigia Sifaeli kumwambia sijui. Nikakaa pale nabonyeza pembeni-pembeni ili mzee aone mikono inatembea, nikafunga, nikatoka, nikainua dole gumba. Nilipanga kumuuliza mtu jioni.

Mmeelewa? Ujumbe wa mke wangu haukumgonga mzee kabisa. Namba zilikuwa vilevile alivyoziandika Sifaeli kwa heshima yake, kwa hiyo ulikwenda kwa nesi moja kwa moja. Na mlango wa mzee haukufungwa na radi. Mashine ilikuwa hai, mlango wazi, inapokea, na ujumbe ukishapokewa hauendi tena kugonga mlango wa pili. Kilichoungua ni antena ya kutoa ujumbe kwenda zahanati, ile ya kupokea simu za watu ilikuwa nzima. Ningebadilisha zile namba kama nilivyotumwa, ujumbe wa Namcheja ungeingia karakana, taa ya kijani ingemkonyeza mzee, naye angefurahi, na ujumbe ungelala hapo hapo. Mnajua kingefuata nini. Mimi siwezi kukisema.

Mzee hajui. Anadhani mlango wake uligongwa. Nesi hajui. Sifaeli anajua, maana alipokuja kuiunganisha mashine aliingia kwenye zile rekodi akakuta hamsini yake na kumi yake zimekaa kama alivyoziacha. Angelisema lile pale uani, jina lingekuwa lake. Hakulisema. Aliniangalia mimi, akamwangalia mjomba wake, akarudi kuchora udongo.

Kesho asubuhi nasimama uani na binti yangu mikononi, na Namcheja atakuwa anatazama midomo yangu na mikono yangu. Nyie mliosoma, na wewe uliyekunja mikono: kati ya mzee, nesi na Sifaeli, nilitamke jina la nani?