Siku Redio ya Mtundani Iliponyamaza

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akanawe uso, maana nikinyamaza mimi, mtasema ninyi.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Mtundani, juu ya kilima, na chini yake bonde pana la mpunga lililokatwa na mto. Kijijini hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Tabia. Macho yake hayakuona tangu utotoni, lakini masikio yake yalifanya kazi ya watu wanne. Alimjua mpita njia kwa kishindo cha viatu, na kama viatu vilikuwa vya kuazima, alijua pia ni vya nani.

Wa pili ni Rehani, fundi simu. Kipawa chake kilikuwa mikono isiyotetemeka. Simu iliyotumbukia chooni aliipokea kama mganga anavyompokea mgonjwa, bila kuuliza maswali ya aibu.

Wa tatu ni Bi Sikudhani, mfuga kuku. Kipawa chake kilikuwa kutoa. Hakuwa na mali. Alikuwa na mashine moja ya kutotolesha vifaranga, iliyopata joto kutoka kwenye betri kubwa ya sola, basi. Lakini mkono wake haukujua kufumba.

Na katikati ya hao alikuwepo Siwatu, mtangazaji wa redio ya kijiji. Siwatu alikuwa mwanamke mdogo, mpole, mwenye mimba kubwa. Kwenye maikrofoni alisema vizuri, kwa kuwa hakuna aliyemtazama. Mbele za watu, maneno yalimganda kooni. Tena hakuwa mtu wa kumkatalia mwenzake jambo lolote.

Msimu wa mpunga, nusu ya kijiji huhamia bondeni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Hulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, na huko simu hazishiki. Kila dungu lina redio ndogo inayosema tangu asubuhi hadi jioni. Watu wa bondeni walikuwa na sheria yao. Mwaka mmoja mtu alipiga kelele za mafuriko, watu wakakimbia, mafuriko hayakuja, na ndege wakala mpunga wote. Tangu hapo wakaapa: redio ya Mtundani ikisema pandeni kilimani, tunapanda bila kuuliza. Isiposema, hatutoki, hata aje nani.

Msimu huo mama yake Siwatu alikuwa huko bondeni. Na mgongoni mwake alikuwepo Kassimu, mtoto wa Siwatu, aliyeachishwa ziwa kwa sababu ya mimba na kupelekwa kwa bibi yake kama ilivyo desturi.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Kompyuta ya redio ilikuwa imeomba kwa majuma mengi: mfumo mpya uko tayari, unakubali? Kila siku Siwatu alibonyeza "Baadaye". Asubuhi hiyo aliona haya. Alijiona kama mtu anayemzungusha mgeni mlangoni. Kipindi kilipokwisha, akabonyeza "Kubali".

Kompyuta ikafanya kazi yake, ikazima, ikawaka. Duara la vitone likazunguka. Skrini ikawa nyeusi. Ikawaka tena, duara likazunguka, ikawa nyeusi tena. Siwatu akakaa akiitazama, akidhani ndivyo inavyokuwa.

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa mjomba wake, anayekaa mbali upande wa juu wa mto.

"Siwatu! Maji yamepita hapa. Si maji tuliyoyazoea. Yamebeba miti mizima, yamebeba na mapaa ya nyumba. Watoeni watu bondeni, mwanangu. Jua halizami kabla hayajafika kwenu."

Siwatu alisikia baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Akaivuta maikrofoni, akasema, "Watu wa bondeni..." Sauti yake ikafia humohumo chumbani. Redio ile ilifungwa hivyo: sauti hupita kwanza kwenye kompyuta, ndipo iende kwenye mtambo wa mnarani. Njia nyingine aliijua fundi wa mjini peke yake, naye hakupatikana kwenye simu.

Vijana wenye mbio wakateremka bondeni wakipiga kelele. Lakini bonde ni pana, na ile sheria mmeisikia.

Rehani aliitwa, akaja mbio. Tabia alikuwepo tayari, maana ndiye husoma salamu za mchana redioni, akipapasa kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Bi Sikudhani alifuata watu. Nje, mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye minazi. Siwatu akasimama katikati ya chumba, mikono tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa alipaza sauti mbele za watu.

"Mnisikie nyote! Atakayeniokolea mama yangu na Kassimu, huyu aliye tumboni atampa jina yeye. Mmoja huyo, jina alitakalo. Nimeweka nadhiri!"

Kompyuta ikazima, ikawaka.

Rehani alipiga magoti mbele ya kompyuta. Alijua kwamba ukiikatisha mara kadhaa inapoamka, kompyuta huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Akaikatisha, akaikatisha tena. Ukurasa ukaja, wa buluu. Kabla hajagusa kitu, skrini ikawa nyeusi. Akarudia. Ikawa vilevile.

"Inanicheka hii," akasema, na jasho likamdondoka kwenye kibodi.

Tabia akasikia. "Nyamazeni!" akasema. "Hata wewe unayelia hapo dirishani, lia kimoyomoyo." Chumba kikatulia. Kompyuta ikawaka, ikazima. "Haya. Kabla haijafa, kuna kitu kinafanya *tk*. Kulia kwangu, chini ya meza."

Rehani akainama. "Hapa kuna kisanduku cha sauti tu, kinachounga maikrofoni na kompyuta. Dada Tabia, hicho ni kizima, kimetumika miaka."

"Sijasema kibovu. Ninachosema, hicho na kompyuta vinagombana. Kikisema *tk*, kompyuta inakufa. Chomoa waya wake."

Rehani akachomoa. Wakangoja bila kupumua. Duara likazunguka, likazunguka, na kompyuta ikaamka, ikatulia kama mtoto aliyeondolewa mwiba.

Siwatu akarukia maikrofoni. Rehani akamshika mkono taratibu. "Bado, dada. Bila kisanduku hakuna sauti itakayotoka. Na huu mfumo mpya haukitaki kisanduku chetu. Lazima tuurudishe ule wa zamani."

"Umekwenda wapi huo wa zamani?"

"Umo ndani, umehifadhiwa. Ila kufika huko kuna kazi."

Rehani akashika. Akauita ule ukurasa wa buluu, na safari hii ukakaa. Ulikuwa umejaa maneno ya Kiingereza, sehemu moja ya kurudisha mfumo, nyingine ya kufuta kila kitu, na maneno yake yanafanana kama mapacha. Nje, kwa mbali, kitu kilinguruma, na hakikuwa radi.

"Bonyeza, Rehani!" Siwatu akalia. "Bonyeza chochote! Mwanangu yuko chini!"

"Dada, hapa kuna mlango wa kutokea na mlango wa kisimani, na yote imepakwa rangi moja. Ukinisukuma, naingia kisimani nawe." Akasoma neno kwa neno, kidole chake hewani, hakitetemeki. Siwatu aling'ata kanga yake. Kila neno alilosoma Rehani, yeye aliyaona maji yakipanda ngazi ya dungu. "Huu hapa," Rehani akasema.

Mara taa zikapepesa, na yeye akarudisha kidole upesi. "Hapana. Ikishaanza kurudi haitakiwi kuzimika. Umeme ukikatika katikati, haitaamka leo wala kesho."

Wote wakatazama dari. Sola ya mnarani ilitosha mtambo tu, haikuweza kuibeba na kompyuta. Siwatu akakaa chini sakafuni.

Bi Sikudhani akatoa. Hakusema neno, alitoka tu. Aliporudi alikuwa anasukuma toroli, na ndani yake mlikuwa na betri yake kubwa na ile inveta inayougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

"Bi Sikudhani, mashine yako?" Tabia akauliza, maana aliijua sauti ya betri ile ikitikisika.

"Imelala."

"Na mayai?"

"Mayai hayana mama anayeyalilia redioni. Fungeni nyaya."

Nyaya zikafungwa. Rehani akafika tena mahali pale, akabonyeza. Kompyuta ikaanza kurudi nyuma, pole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Haikupita muda, umeme wa kijiji ukakatika. Feni zikanyamaza. Chumba kizima kikabaki na mwanga mmoja tu, wa skrini ile. Siwatu hakuomba kwa maneno, midomo yake ilikuwa imekauka. Alilisikia joto la tumbo lake, mtoto wa ndani akigeuka, akamfikiria yule wa nje.

Mfumo wa zamani ukafunguka. Rehani akachomeka kisanduku. *Tk.* Wote wakafumba macho. Kompyuta haikuzima.

"Sema," Tabia akasema.

"Watu wa bondeni, pandeni! Ni mimi, Siwatu. Maji yanakuja, pandeni kilimani sasa hivi. Acheni mpunga. Acheni vyungu. Mama, mbebe Kassimu, upande!" Akasema hayo, akayarudia, akayarudia hadi sauti ikamkauka, asijue kama kuna hata dungu moja lililomsikia. Redio husema tu, haijibiwi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kisha mtu wa dirishani akapiga ukelele. Mstari wa watu ulikuwa unapanda kilima, wenye watoto, wenye mbuzi, mmoja amebeba redio yake juu ya kichwa, ingali inasema. Nyuma yao mto ukatoka mahali pake. Ukaja wa kahawia, na kelele kama lori zisizokwisha, ukayapiga madungu, nayo yakalala moja baada ya jingine.

Mama yake Siwatu alifika miongoni mwa watu wa mwisho, kanga imelowa mpaka kiunoni, Kassimu mgongoni, macho yamemtoka.

"Vijana walipita wakipiga kelele," mama akasema akihema, "nikawafukuza. Nikawaambia, redio haijasema."

Siwatu aliposikia hivyo alimchukua mtoto, asimweke chini hadi usiku.

Muda si muda akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba, ya kumpa jina, ubani ukawashwa, watu wakajaa uani, na wale watatu wakaja kila mmoja na lake moyoni.

"Bila masikio yangu," Tabia akasema, "mngekuwa mnawasha na kuzima mpaka leo. Nataka aitwe Tabia. Hapa kijijini watu huwachagulia watoto wao somo, mtu wa kuitwa jina lake, na hakuna aliyewahi kumtaka asiyeona. Mnaogopa mtoto atafanana na mimi. Huyu awe wa kwanza."

"Dada Tabia, nakuheshimu," Rehani akasema, "lakini *tk* haikumpandisha mtu kilimani. Ulitwambia mlango umefungwa na nini. Kuufungua niliufungua mimi, na kidole kimoja kibaya kingetuzika wote. Mama yangu alichukuliwa na mto huuhuu nilipokuwa mdogo. Hatukumpata hata tumzike. Aliitwa Mwanaheri. Nataka nilisikie jina hilo likiitwa tena uani."

Bi Sikudhani alikuwa akitazama ukili wa mkeka. "Mimi sitaki ugomvi na watoto. Lakini ninyi mlitoa mlivyo navyo, mkarudi navyo nyumbani. Tabia, masikio unayo. Rehani, mikono unayo. Mimi nilirudi nikakuta mayai yamepoa, na katika mengine vifaranga walikuwa wameanza kugonga kutoka ndani. Niliwazika nyuma ya nyumba. Sikujaliwa mtoto. Naomba nimpe jina mtu mmoja tu, kabla sijafa."

Mama mkwe wa Siwatu akamwinamia.

"Mpe majina matatu, yaishe," mama mkwe akanong'ona.

"Nilisema mmoja," Siwatu akajibu. "Mlinisikia nyote."

"Ulisema kwa hofu, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama. Na kwa hofu hiyohiyo nikapewa nilichokiomba. Nikiivunja nadhiri sasa, nilichopewa hakitachukuliwa tena?" Akamtazama Kassimu, aliyekuwa amelala kwenye paja la bibi yake, akaona ile baridi inampanda tena kutoka kwenye nyayo. Aliogopa kumtaja mmoja mbele ya wawili. Aliogopa zaidi kutomtaja yeyote. Jua lilikuwa linashuka, na mtoto hakuwa na jina.

Akafungua mdomo, na watu wote uani wakatega masikio. Sauti haikutoka.

Mimi nami nanyamaza hapo hapo. Sasa semeni ninyi, wakubwa kwa wadogo. Mmoja alisikia, mmoja akashika, mmoja akatoa, na angekosekana hata mmoja wao, mto ungemchukua bibi na mjukuu. Kama huyo mtoto angekuwa mikononi mwako, na nadhiri iko shingoni mwako, je, wewe ungemgeukia nani kati yao umwambie, "Mpe jina"? Na wale wawili wanaobaki, ungewatazama vipi machoni?