Somo wa Mtoto wa Nakiete

Hapo zamani, na mjue si zamani ya kusimuliwa, ni zamani niliyoiona kwa macho yangu haya mawili, kule milima ya Upare palikuwa na mwanamke, jina lake Nakiete. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, mama amelazwa usingizi wa dawa. Kilio cha kwanza cha mwanawe alikuja kusimuliwa tu, kama habari za harusi ya jirani.

Mimba ya pili, upasuaji tena. Nakiete akasema, "Safari hii nichomeni ganzi ya mgongo. Nataka nisikie mwenyewe."

Mumewe, Kiondo, mtu wa kuapa hovyo, akaapa mbele ya watu mlangoni pa chumba cha upasuaji: "Atakayemfanya mke wangu asikie kilio hicho, huyo ndiye somo wa mtoto. Jina lake, jina la mtoto!"

Mtaalamu wa ganzi alikuwa Sista Foibe. Akapapasa nyonga, akapata pengo la chini kati ya pingili za mgongo, akachoma. Ngo! Mfupa. Akachoma tena. Ngo! Daktari wa kisu akasema, "Sista, mara moja zaidi. Ukikwama, tunamlaza usingizi."

Nakiete, amejikunja kama kamba mkavu, uchungu unamtafuna, akasema, "Kamuulizeni Bibi Namkunda, yuko mlangoni. Mgongo huu anaujua yeye."

Bibi Namkunda alikuwa mkandaji wa wajawazito. Miezi mitatu alimkanda Nakiete kwa mafuta, na kila akimkanda huhesabu pingili za mgongo kutoka chini kwenda juu. Ndiyo desturi yake: asipohesabu, hakandi.

Akapaza sauti pale pale mlangoni: "Pingili yake ya chini imeota bawa, imeshikana na mfupa wa kiuno! Mlango wa pale ulifungwa tangu tumboni mwa mamaye. Pandeni mmoja!"

Daktari akacheka. "Bibi, wewe una macho ya eksirei?"

"Nina vidole, mwanangu. Vyako vya kushikia kijiko tu?"

Sista Foibe hakucheka. Alijua kupanda kuna hatari yake: juu zaidi uti wenyewe wa mishipa ya fahamu umelala, ukiuchoma umemlemaza mtu. Akahesabu upya, kutoka mbavu kushuka, kutoka mkiani kupanda. Kweli, ile ya chini ilikuwa imeshikana! Akapanda pengo moja, hakupanda mawili. Sindano ikaingia kama kisu kwenye parachichi, maji maangavu, ishara ya kufika, yakadondoka, tone, tone. Miguu ya Nakiete ikawa mizito, uchungu ukahama nyumba.

Punde si punde, ng'aaa! Mtoto wa kike. Nakiete akalia, akacheka, akalia tena. Vigelegele vikavuka mabonde mawili, na mimi nilikuwa bonde la tatu na nilivisikia!

Siku ya kutoa jina, pilau inanukia, ugomvi ukaanza.

"Mtoto ni Namkunda," akasema bibi. "Bila vidole vyangu mngetoboa mfupa mpaka kesho."

"Mtoto ni Foibe," akasema Sista. "Maneno ya mlangoni hayamtii mtu ganzi. Bibi alisema panda. Nani alijua pa kukomea? Na ningekosea mbele ya daktari, aibu ingekuwa yangu peke yangu."

Nakiete akapiga makofi. "Nyie! Nani aliyesema bibi aulizwe? Nani alitulia kama jiwe huku uchungu unampasua? Mtoto ni Nakiete!"

Kiondo akashika kichwa. "Nakiete wawili nyumba moja? Nikiita chai, ataleta yupi?"

"Utajipikia!"

Watu wakacheka mpaka pilau ikaungua chini. Lakini kiapo ni kiapo, na mtoto yuko mapajani, hana jina, ananyonya kidole.

Haya, nyinyi mnaojifanya mna akili: mmoja alijua, mmoja aliamini na kuvumilia, mmoja alithubutu kwa kipimo. Je, nani alistahili kuwa somo wake?