Karatasi Sita za Shule ya Brashi

Hadithi hii haina mwisho. Nawaambia mapema, asije mtu akaninunia baadaye. Mwisho wake nitauacha mikononi mwenu, na mwenye jibu la haraka namwomba alimeze kwanza. Mimi pia nilikuwa nalo, na nilipolifikiria vizuri likanishinda.

Katika shamba moja la mkonge huko Tanga bara, mahali palipoitwa Kambi Tisa, waliishi watu watatu. Wa kwanza ni Hoza Shekigenda, nyapara wa wakata mkonge, na kipaji chake kilikuwa kungoja. Hoza angeweza kukaa mlangoni mwa mtu mpaka mwenye mlango aone haya. Wa pili ni Leokadia Ndunguru, mjukuu wa manamba waliotoka Songea kuja kukata mkonge, na kipaji chake kilikuwa kufundisha. Mpe mtoto mbishi na kipande cha mkaa, na kabla mwezi haujaisha mtoto anakusomea maandishi ya kwenye gunia. Wa tatu ni Mkunde, mama wa binti mmoja tu aliyeitwa Mboni, aliyekuwa akimlea peke yake, na kipaji chake kilikuwa kumjua mwenye njaa bila kuambiwa.

Nitakuwa karibu na Mkunde kuliko wenzake. Ndiye ninayemhurumia zaidi, na ninasema wazi ili mniangalie nisije nikampendelea.

Kambi Tisa haikuwa na shule. Watoto walifuatana na wazazi wao shambani kufunga mafungu ya majani ya mkonge, wakakua hivyo, wakawa wakata mkonge. Ndipo halmashauri ikawaambia wazazi: anzisheni shule shikizi, iendesheni wenyewe kwa mkataba wa miaka mitatu. Mkifaulu ukaguzi mtapewa hati. Mkishindwa, basi.

Hoza, Leokadia na Mkunde wakaweka visu chini na kujitolea. Wakagawana kazi kwa desturi ya shambani, ambako kila mtu hupimiwa kazi yake ya siku, nayo huitwa kipande. Pale kambini hukigusi kipande cha mwenzako. Ukimkatia hata majani mawili umemwambia kwamba kazi imemshinda, na watu wamewahi kununiana miaka kwa jambo hilo. Watatu hawa walikuwa wameyaishi hayo tangu utotoni. Hawakufikiri mara mbili, wakaipeleka desturi hiyo shuleni.

Hoza alisema, "Mahali kwanza. Hatuwezi kuwafundisha watoto juani." Akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, akitaka wapewe jengo la brashi, ambamo zamani nyuzi za mkonge zilisuguliwa na ambalo sasa lilikuwa limelala bure. Meneja akipita asubuhi humwuliza, "Bado upo, nyapara?" Naye hujibu, "Nipo, bwana meneja. Na kesho nitakuwapo." Siku ya thelathini na nne akapewa ufunguo. Kufikia siku hiyo unyapara alikuwa ameshanyang'anywa, na mkewe alikuwa amerudi kwao Handeni, akisema hawezi kuolewa na benchi. Hoza akaingia mle ndani na magunia yaliyoloweshwa maji, akaondoa vumbi la mkonge la miaka ishirini. Vumbi lilitoka jengoni likahamia kifuani mwake. Tangu hapo hakosi kikohozi.

Leokadia alisema, "Masomo kwanza. Bila masomo hili ni ghala tu." Akafundisha madarasa matatu katika chumba kimoja, darasa moja likitazama mashariki, moja magharibi, na la wadogo likikaa miguuni pake. Mwaka wa pili ikamjia barua ya chuo cha ualimu, ile aliyoiomba tangu alipomaliza kidato cha nne. Nafasi ilikuwa ya mwaka huo tu. Aliisoma akiwa amesimama, akatazama wale watoto, akajua kwamba akiondoka hakuna wa kukishika kipande chake. Akaigeuza barua na nyuma yake akaandika silabi za darasa la kwanza. Karatasi ile ilibandikwa ukutani mpaka ikachakaa.

Mkunde alisema, "Tumbo kwanza. Mtoto mwenye njaa anasikia tumbo lake, hamsikii mwalimu." Kila alfajiri, kabla wakataji hawajatoka, alipita nyumba kwa nyumba akiomba kikombe kimoja cha unga, asimkwaruze aliyenacho wala kumwaibisha asiyenacho. Akapika uji. Watoto waliokuwa wakienda shambani wakafuata uji, na baada ya uji wakabaki kwa ajili ya silabi. Wa kwanza kuketi alikuwa Mboni, na kikombe chake cha bati chekundu.

Mwaka huo wa pili Mboni alishikwa na homa. Mkunde alimlaza nyumbani, akaenda kupika, akisema moyoni kwamba akishagawa tu atamkimbiza zahanati. Uji ulichelewa kuiva siku ile, kuni zilikuwa mbichi. Leokadia alimwona akitazama njia ya nyumbani kila mara. Hoza naye alimwona. Wote wawili walijua mtoto anaumwa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea mwiko, na Mkunde hakuomba. Alipokwisha kugawa kikombe cha mwisho akakimbia. Zahanati wakamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, mngemleta mapema kidogo." Mboni akazikwa nyuma ya kitalu cha mkonge. Matanga yalipokwisha Mkunde akarudi jikoni. Watu wakaendelea kumwita Mama Mboni, naye akaendelea kuitika. Kikombe chekundu hakukitoa tena.

Wenzake hawakuwahi kuizungumza siku ile. Ningekuwa na ubavu ningewakalisha chini mimi mwenyewe, waseme, walie, yaishe. Lakini hakuna aliyewakalisha.

Mwaka wa tatu akaja mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Akakagua paa na sakafu, akasema jengo linafaa. Akawasomesha watoto mmoja mmoja, thelathini na mmoja, wote wakasoma. Akafungua daftari la mahudhurio, akakuta hakuna utoro, akauliza sababu. Mtoto mmoja akamjibu, "Uji." Mkaguzi akafunga daftari.

"Shule hii imefaulu," akasema. "Lakini sijui nani anaiongoza. Kipaumbele chenu ni kipi?"

Wakajibu kwa pamoja, kila mtu lake. Mkaguzi akatabasamu, akawapa karatasi tatu. "Kila mmoja aniandikie jina la kiongozi wa shule hii."

Aliposoma akavua miwani. Hoza alikuwa ameandika Leokadia. Leokadia alikuwa ameandika Mkunde. Mkunde alikuwa ameandika Hoza. Siku ile walicheka hadi Hoza akakohoa, na Mkunde alikwenda nyumbani akihisi kwamba kuna watu duniani wanaomjua. Hiyo ndiyo siku yao njema kabisa, ishikeni.

Wiki mbili baadaye shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya hakuwa mbaya. Alisema jengo la brashi atawaachia shule, na halmashauri nayo ikaahidi kuleta walimu wawili, unga, mpishi na bati jipya. Kwa hiyo msiniambie kwamba bila fulani shule itakufa. Haitakufa. Lakini tajiri huyo aliweka sharti: katika kambi watabaki wakata mkonge walio kwenye orodha yake tu, pamoja na mkuu mmoja wa shule, ambaye atapewa nyumba moja. Wengine wote waondoke mwisho wa mwezi, na wasipite getini bila kibali.

Hoza, Leokadia na Mkunde hawakuwa kwenye orodha. Waliacha kisu kwa ajili ya shule.

Fikirini sasa. Hoza hana mke wa kumrudia wala kifua cha kuanzia kazi nyingine. Leokadia amezaliwa Kambi Tisa, huko Songea hamjui hata mtu mmoja. Na Mkunde ana kaburi nyuma ya kitalu, ndani ya geti. Najua kuna mjanja hapa atasema Hoza amwoe mmojawapo waishi nyumba moja. Haya, na yule wa tatu atalala wapi?

Jina la mkuu huyo lilitakiwa lifike ofisi ya shamba Ijumaa, saa sita mchana. Lisipofika, jengo linarudi kuwa la mkonge. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Nangonga, alikuja Ijumaa hiyo asubuhi, akawaketisha watatu hao kwenye madawati ya watoto.

"Tuandike kama mara ile," akasema. "Kila mtu jina moja. Litakalopata kura mbili nalipeleka."

Mkunde alishika kalamu. Kwenye moto nje uji ulikuwa umeanza kutokota. Akawaza kumwandika Hoza, kama mwanzo, na mkono wake ukaandika H. Akaitazama ile herufi. Akaona geti, na mlinzi asiyemjua, na yeye mwenyewe akiomba kibali cha kwenda kung'oa magugu juu ya mwanawe. Akaikata ile herufi, akaandika jina lake. Akajipa moyo kwamba haidhuru, wenzake watakuwa wamemwandika mtu mwingine, na lake litapotea tu, hakuna atakayejua.

Mzee Nangonga akakusanya karatasi kwenye kikombe cha uji. Akafungua ya kwanza. "Hoza." Akautambua mwandiko wa Hoza mwenyewe. Akafungua ya pili. "Leokadia." Ule ulikuwa mwandiko mzuri wa ubaoni, kila mtu aliujua. Akafungua ya tatu, yenye H iliyokatwa. "Mkunde."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Nisameheni," akasema Hoza akiitazama sakafu. "Nilidhani ninyi mtaniandika wenyewe, lakini nikaogopa kungoja. Maisha yangu yote nimeweza kungoja. Leo nimeshindwa."

"Mimi nilitaka mara moja tu nijiandike," akasema Leokadia.

Mkunde alitaka kuwaambia habari ya kaburi. Hakuweza. Aliona kwamba akilitaja atakuwa anamtumia Mboni kama kura, na mtoto wake hajawahi kumsumbua mtu. Maumivu ya siku ile ya homa yakamrudia yote, mabichi kabisa.

Ndipo harufu ikawafikia. Uji ulikuwa unaungua. Kwa miaka mitatu haukuwahi kuungua hata siku moja. Mkunde aliisikia harufu, akaagiza miguu yake isimame, miguu ikakataa.

Leokadia akainuka. Alitoka nje, akauchukua mwiko, akaanza kuukoroga uji, vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kuushika mwiko ule. Hoza akamfuata, akaishika sufuria kwa kitambaa akaiepua motoni, akikohoa. Mkunde aliwatazama kupitia mlango wazi, machozi yakimtoka. Hakujua kama wanamwomba msamaha au wanamwonyesha kwamba hata yeye anaweza kuachwa. Alichojua ni kwamba kama mwiko ule ungeshikwa hivyo siku ile moja tu, nusu saa tu, kikombe chekundu kingekuwa bado kinatumika.

Watoto wakaanza kufika na vikombe vyao. Mzee Nangonga akavaa kofia yake. Mfukoni alikuwa na karatasi sita, zile tatu alizoachiwa na mkaguzi na hizi tatu, na mbele yake mwendo wa saa nzima hadi ofisini. "Mimi siwezi kuchagua," akawaambia. "Lakini nitafika huko na jina." Akaondoka.

Sasa nawaachia. Mmoja aliwapa watoto mahali, mmoja akawapa masomo, mmoja akawapa sababu ya kuja kila siku, na kila mmoja alilipia kwa kitu asichoweza kukirudisha. Nyumba ni moja. Mara ya kwanza waliandika kwa upendo, mara ya pili kwa hofu, na mara zote mbili kura zilifungana.

Mzee Nangonga bado yuko njiani, na saa sita inakaribia. Wewe uliyenisikiliza tangu mwanzo, ungekuwa ndiye mwenye karatasi hizo sita mfukoni, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini getini?